Kwa Nini Aliyekuwa Akiongea Amezimika Ghafla?

Katika matanga ya watu waliokufa barabarani, kuanzia Naivasha hadi Mau Summit, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Ndugu wa marehemu husimulia kwamba alitoka garini mwenyewe, akaazima simu, akampigia mkewe na kumwambia asiwe na wasiwasi. Alikuwa akiongea vizuri. Alilalamika tu kwamba ana kiu na anasikia baridi. Baada ya muda mfupi, akiwa njiani au juu ya kitanda cha kupokelea wagonjwa, alinyamaza na hakuamka tena. Imekuwaje? Mara nyingi lawama huiangukia sindano ya mwisho aliyodungwa au dripu aliyowekewa, kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho ambacho jamaa walikiona.

Swali hilo ni la haki, na lina jibu. Wakati alipokuwa akiongea, mtu huyo huenda alikuwa tayari amepoteza zaidi ya robo ya damu yake. Kilichomweka macho ni kemikali ndogo mno ambazo ubongo, figo na kuta za mishipa yenyewe zilizimwaga ndani ya damu. Zinaitwa peptidi za mishipa. Kiwango chake ni kidogo kiasi kwamba hupimwa kwa sehemu za mabilioni ya gramu, lakini ndizo zinazoshikilia presha wakati damu inaendelea kumwagika. Zikishindwa, presha huporomoka kwa dakika chache tu.

Barabara, shamba na wodi ya uzazi

Wakazi wa Bonde la Ufa la kati hawahitaji kuelezwa damu humwagikia wapi. Barabara kuu ya A8 (zamani A104) inapopanda kutoka Nakuru kupitia Salgaa, Sachangwan na Migaa imeua watu kwa miaka mingi. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana Migaa na watu 36 wakafariki. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori la kontena liliwaparamia wachuuzi, abiria na magari kwenye makutano ya Londiani, upande wa Kericho, na waliokufa walizidi 50.

Hizo ndizo ajali zilizofika kwenye vichwa vya habari. Wengi zaidi huja mmoja mmoja: mwendesha boda boda aliyevunjika paja mtaani Free Area, kijana wa Molo aliyekatwa na msumeno wa mbao, mama aliyejifungua salama kisha akaendelea kutokwa na damu. Hali zao zinaonekana kuwa tofauti kabisa, ila ndani ya mwili mambo yanayofuata yanafanana sana.

Damu imepungua, presha bado iko sawa

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya takriban lita 5. Mwanafunzi anayechangia damu hutoa mililita 450 hivi, akanywa soda, akarudi darasani. Anayepoteza mililita 750 kwa jeraha huenda asionyeshe lolote zaidi ya wasiwasi na moyo kwenda mbio kidogo. Hata akifika lita moja na nusu, yaani asilimia 30 ya damu yote, namba ya juu ya presha inaweza kubaki karibu na kawaida. Akipita lita 2 yuko kwenye hatari ya kufa.

Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho, mwili unafanya kazi kubwa. Wakazi wa Nakuru wanaujua mgao wa maji: tangi likipungua, mitaa fulani hufungiwa ili hospitali isikauke. Mwili nao hufunga mishipa midogo ya ngozi, misuli, utumbo na figo, ili damu iliyobaki iende kwenye moyo na ubongo. Ndiyo maana mgonjwa anaongea. Ubongo wake unapata damu ambayo viungo vingine vimenyimwa.

Muuguzi mzoefu hasubiri mashine ya presha imwambie. Hushika mguu kwanza. Ukiwa wa baridi na wenye jasho, anajua. Kisha hubana ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, akaachia. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikichelewa hadi 4 au 5, ngozi imefungiwa damu. Halafu hutazama mfuko wa mkojo ulioning'inia kando ya kitanda. Mtu wa kilo 70 anapaswa kutoa angalau mililita 35 kwa saa. Mfuko wenye mililita 10 za mkojo wa rangi nzito unamwambia kwamba figo nazo zimefungiwa, hata kama mgonjwa mwenyewe anauliza viatu vyake viko wapi.

Hali hiyo, ambapo damu haifiki kwenye viungo kiasi cha kuvitosha, madaktari huiita mshtuko wa mzunguko wa damu. Mgonjwa anaweza kuwa nayo huku presha yake ikisomeka vizuri kwenye mashine, na hapo ndipo familia, na wakati mwingine hata wahudumu, hupotezwa.

Peptidi ni nini hasa?

Protini zote mwilini, kuanzia misuli hadi nywele, zimeundwa kwa vipande vidogo viitwavyo amino asidi, vilivyoungana mnyororo. Mnyororo ukiwa mfupi huitwa peptidi. Peptidi za mishipa ni zile zinazoiamuru mishipa ya damu isinyae au itanuke. Tatu kati yake zinahitaji kujulikana vizuri.

Ya kwanza ni vasopresini, yenye amino asidi 9 tu. Hutengenezwa katika sehemu ya chini ya ubongo na kuhifadhiwa kwenye tezi ndogo ya pituitari iliyoning'inia hapo chini. Shingoni na kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni kuna vihisio vya presha. Vikigundua kwamba kuta za mishipa hazijatanuka kama kawaida, hupeleka habari ubongoni, na pituitari hufungua akiba yake. Upotevu mdogo wa damu huitikisa kidogo tu. Ukipita sehemu ya tano ya damu yote, vasopresini humwagwa kwa wingi unaozidi kiwango cha kawaida mara nyingi. Husinyaza mishipa, huziamuru figo zirudishe maji badala ya kuyaacha yawe mkojo, na huchochea kuta za mishipa kuachilia protini zinazosaidia damu kuganda. Kwamba tezi hii ina kitu kinachopandisha presha kulijulikana mwaka 1895, wakati Oliver na Schäfer wa London walipowadunga wanyama maji yaliyokamuliwa kutoka humo.

Ya pili ni anjiotensini, na yenyewe hupitia safari ndefu. Figo zikipungukiwa na damu huachilia kimeng'enya kiitwacho renini. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemia. Hiki hukata protini kubwa iliyotengenezwa na ini na kuacha kipande cha amino asidi 10. Kipande hicho kikipita kwenye mapafu, kimeng'enya kingine hukikata tena hadi 8, na hapo ndipo kinapata nguvu. Kwa hiyo ini, figo na mapafu vyote vinashiriki kumwokoa mtu aliyekatwa mguu. Anjiotensini husinyaza mishipa, huchochea mwili kushikilia chumvi, na humpa mgonjwa kiu kali. Majeruhi wa Salgaa anayeomba maji mara kumi anasukumwa na peptidi hii. Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman waliigundua renini huko Stockholm mwaka 1898 wakitumia figo za sungura.

Ya tatu, endotelini, ina amino asidi 21 na ilitambuliwa Japani mwaka 1988. Hutolewa na utando wa ndani wa mishipa yenyewe. Ni kati ya visinyazi vya mishipa vyenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kupatikana katika mwili wa binadamu, na athari yake hudumu. Hapo ndipo penye shida yake: utumbo na figo zikisinyazwa kwa muda mrefu mno huanza kufa. Baadhi ya wagonjwa waliookolewa usiku wa ajali huugua figo siku kadhaa baadaye kwa sababu hiyo.

Kwa ufupi: vasopresini hutoka ubongoni, anjiotensini huanzia kwenye figo, endotelini hutoka kwenye mishipa. Zote tatu, zikishirikiana na adrenalini (ambayo si peptidi), hushikilia presha. Hakuna hata moja inayozuia damu kumwagika kwenye jeraha lililo wazi.

Mtu anayetumia dawa za presha

Watu wengi wa makamo katika kaunti ya Nakuru humeza enalapril au losartan kila siku, na dawa hizo zimewaepusha wengi na kiharusi. Enalapril huzuia kile kimeng'enya cha pili kinachokamilisha anjiotensini. Losartan huiacha anjiotensini itengenezwe lakini huizuia kushika kwenye mishipa. Mtu wa aina hii akipata ajali, mkono mmoja wa ulinzi wake umefungwa. Presha yake inaweza kushuka mapema, kwa damu kidogo kuliko ya jirani aliyekaa naye kwenye matatu.

Anayetumia atenolol yuko katika hali nyingine tena. Dawa hiyo huuzuia moyo kwenda mbio, hivyo mapigo 80 kwa dakika yanaweza kumdanganya anayempima.

Hii si sababu ya mtu kuacha dawa zake. Ni sababu ya kuandika majina ya dawa hizo kwenye karatasi na kuiweka pamoja na kitambulisho, na ya jamaa kulitaja jambo hilo mapema wanapofika hospitalini, kabla hata ya kuulizwa. Ni habari ndogo, lakini hubadilisha namna daktari anavyosoma kila namba iliyo mbele yake.

Kwa nini huporomoka ghafla

Sasa jibu la lile swali la matangani. Mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja.

La kwanza ni kwamba akiba huisha. Pituitari huhifadhi vasopresini kiasi, na inapomwagwa kwa wingi katika saa za mwanzo, nyingine haitengenezwi kwa kasi ya kutosha kuifidia. Watafiti waliopima damu ya wanyama na binadamu walio katika mshtuko wa muda mrefu wamekuta vasopresini imeshuka chini sana, wakati ambapo mwili unaihitaji kuliko wakati wowote.

La pili ni zito zaidi: mishipa huacha kuitikia. Ukuta wa mshipa una misuli myembamba, na misuli hiyo husinyaa pale madini ya kalisiamu yanapoingia ndani ya seli zake. Seli zikikosa oksijeni, damu hujaa asidi, na milango midogo ya kupitishia potasiamu hufunguka kwenye seli hizo. Milango ile ikiwa wazi, kalisiamu haiingii. Mshipa hulegea, hata kama umezungukwa na adrenalini na anjiotensini. Juu ya hayo, peptidi zinazotanua mishipa, kama vile bradikinini na adrenomedulini, huongezeka kutoka kwenye viungo vilivyoumia. Mishipa ya utumbo na misuli iliyokuwa imefungwa hufunguka yote pamoja, na damu kidogo iliyobaki hutawanyika humo. Ubongo hukosa. Mgonjwa hunyamaza katikati ya sentensi.

Sindano aliyodungwa dakika hiyo kwa kawaida haikuwa chanzo. Mporomoko ulikuwa ukiandaliwa tangu kwenye lami.

Maji ya dripu nayo yana sehemu yake katika hadithi hii, na inafaa kusemwa waziwazi. Lita 3 au 4 za maji ya chumvi hupandisha presha kwa muda, lakini hupunguza nguvu ya damu iliyobaki kuganda, na yakiwa ya baridi hushusha joto la mwili, jambo ambalo nalo huzuia kuganda. Ndiyo sababu wataalamu wa majeraha siku hizi hutoa maji kwa kipimo na kukimbilia damu.

Basi kwa nini wasidungwe vasopresini?

Kama akiba imeisha, si irudishwe kwa sindano? Watafiti wamejiuliza hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu vasopresini ina sifa moja adimu: inaweza kuifunga ile milango ya potasiamu, na hivyo kuusinyaza mshipa ambao umeshaacha kuitikia adrenalini.

Jaribio moja muhimu lilifanyika Philadelphia, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2019. Majeruhi 100 waliokuwa wakivuja damu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vasopresini kwa kiwango kidogo kwa saa 48, jingine likapewa maji matupu ya chumvi, na wote walipewa damu na kupasuliwa kama kawaida. Waliopata vasopresini walihitaji takriban lita 1.4 za damu na mazao yake. Wenzao walihitaji lita 2.9. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini idadi ya waliokufa haikutofautiana kwa namna inayoweza kutegemewa, na jaribio lilikuwa dogo.

Kwa hiyo mtu asitarajie kwamba chupa ya vasopresini ingemwokoa aliyevuja damu Sachangwan bila theata wala damu. Ikitolewa mapema kwa mtu ambaye mshipa wake bado umekatika, inaweza kupandisha presha na kuongeza kasi ya kuvuja. Inahitaji mashine ya kuidunga kidogo kidogo na mtu wa kumwangalia mgonjwa bila kuondoka. Ila pale ambapo damu ni chache, dawa inayoweza kupunguza hitaji la damu kwa nusu ina maana zaidi kuliko ilivyo Philadelphia, na ni haki ya wagonjwa wa Afrika Mashariki kwamba ijaribiwe kwao pia.

Peptidi inayookoa mama

Kuna peptidi moja ambayo tayari inaokoa maisha kila siku katika hospitali ya Nakuru Level 5, ile ambayo wenyeji wengi bado wanaiita PGH, na katika kila zahanati inayozalisha akina mama. Ni oksitosini. Ina amino asidi 9 kama vasopresini, na zinatofautiana katika vipande 2 tu. Henry Dale wa Uingereza aliona mwaka 1906 kwamba maji ya pituitari hukaza mfuko wa uzazi, na Vincent du Vigneaud akaitengeneza oksitosini maabarani mwaka 1953, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel miaka 2 baadaye.

Mwisho wa ujauzito, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Kondo likitoka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Hufungwa na misuli ya mfuko wenyewe inaposinyaa na kuibana. Mfuko ukilegea, mama anaweza kupoteza damu yake katika muda wa kuchemsha uji. Oksitosini, vizio 10 kwenye msuli wa paja mara mtoto anapotoka, huukaza.

Mwili wa mama mjamzito una upekee mwingine. Damu yake imeongezeka kwa karibu nusu, hivyo anaweza kupoteza lita nzima huku presha ikiwa tulivu. Mishipa yake imezoea kutoitikia sana anjiotensini katika miezi ya ujauzito, na kondo hutoa kimeng'enya kinachovunjavunja vasopresini. Akianza kuporomoka, huporomoka haraka kuliko mwanamume wa uzito uleule.

Kukisia damu kwa macho kumewapoteza wakunga wengi. Katika utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliohusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, akina mama waliwekewa chini yao mfuko wa plastiki wenye mistari ya mililita. Damu ilipofika mstari wa 500, wahudumu walifanya yote kwa mfululizo bila kusubiri: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, maji ya mshipani, na kukagua damu inatokea wapi. Visa vya kuvuja vibaya, vya kufanyiwa upasuaji au kufa kwa kuvuja damu vilipungua kwa asilimia 60. Kipande cha plastiki kilifanya kazi ambayo macho ya mtu mwenye uzoefu wa miaka 20 hayakuweza.

Oksitosini ina masharti. Ikidungwa nyingi kwa mpigo kwenye mshipa, hutanua mishipa na kushusha presha ya mama ambaye tayari amepungukiwa. Na huharibika kwenye joto. Inatakiwa kukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Zahanati ambayo umeme hupotea kwa siku 2, friji ikawa kabati tu, inaweza kuwa ikidunga maji yasiyo na nguvu bila kujua. Ndiyo maana dawa ya jamii yake iitwayo kabetosini, iliyotengenezwa ivumilie joto, ilitiwa mwaka 2019 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kabla ya kufika hospitali

Anayefika kwanza kwenye ajali ni mpita njia. Kwa kuwa peptidi zinanunua muda tu, kazi yake ni kuufanya muda huo utoshe:

- Bana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi na usiachie kuchungulia kama damu imekoma.
- Mlaze chini na umfunike. Baridi ya Mau Summit usiku huzuia damu kuganda.
- Usimpe maji wala soda hata akiomba sana. Huenda akahitaji nusukaputi, na tumbo lililojaa ni hatari.
- Kumbuka saa ajali ilipotokea na umwambie mhudumu. Asidi ya traneksamiki husaidia majeruhi ikitolewa ndani ya saa 3, na mapema zaidi ni bora.

Mtoto ahudumiwe kabla ya mtu mzima anayelia kwa sauti. Mwenye kilo 10 ana damu ya mililita 800 tu. Akipoteza kiasi cha chupa moja ya soda ya mililita 300, amepoteza zaidi ya theluthi.

Damu yenyewe inatoka kwa nani?

Kenya iliunda huduma yake ya taifa ya damu baada ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, na Nakuru ikapata kituo chake cha kanda. Wachangiaji wakubwa kwa miaka mingi wamekuwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Anayetimiza umri wa miaka 16 na kilo 50 anaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

Utaratibu huo una pengo linaloonekana kwenye kalenda. Damu nzima, ikihifadhiwa kwenye friji katika mifuko ya kawaida, hudumu siku 35. Iliyotolewa na wanafunzi tarehe 25 Oktoba, kabla ya shule kufungwa, muda wake umeisha tarehe 29 Novemba, karibu mwezi mzima kabla ya Krismasi, wakati ambapo A8 imejaa mabasi ya watu wanaokwenda nyumbani magharibi. Mifuko itakayohitajika Desemba lazima itoke kwa watu wazima walioko mjini wakati huo: wafanyabiashara wa soko la Wakulima, madereva, walimu walio likizoni, waumini wanaokutana kila wiki kanisani na msikitini.